Haki ya Mto: Miungu wa Maji katika Roma ya Kale

Roma ni mji uliozaliwa kando ya mto. Bahari iko mbali nao kwa mwendo wa kilomita 25 hivi, na kwa karne nyingi wakazi wake walikuwa wakulima na wachungaji waliozoea jembe na ng'ombe kuliko merikebu. Mtu asomaye habari za miungu wao wa maji katika vitabu vya hadithi hukutana kwanza na Neptunus, mzee mwenye ndevu, ashikaye mkuki wa meno matatu na kuendesha farasi juu ya mawimbi. Picha hiyo ni nzuri, lakini asili yake ni Ugiriki, na mwenyewe hasa ni Poseidon. Miungu wa maji wa Warumi wenyewe walikuwa wadogo, wengi, na wa karibu: huyu wa chemchemi hii, yule wa mto ule, mwingine wa gati. Aghalabu hawakuwa na ngano ndefu za mapenzi na vita. Kila mmoja alikuwa mwenyeji wa mahali pake, na mwenyeji ana haki ambayo jirani hana budi kuitambua. Haki hiyo ilidumu kwa karne nyingi bila kuulizwa sana, hata siku moja ikafikishwa mbele ya Seneti kama kesi.

Shahidi mwema katika jambo hili ni Sextus Julius Frontinus, aliyepewa usimamizi wa maji ya mji mwaka 97 baada ya Kristo. Huyu hakuwa mtu wa kuota ndoto. Alihesabu mifereji, akapima mabomba, akawafichua wezi wa maji, na alijivuna kwamba kazi hizo za Warumi zilikuwa na faida kuliko mapiramidi ya Misri yaliyosimama bure. Hata hivyo aliandika kwamba kwa miaka 441 tangu kuasisiwa kwa mji, Warumi walitosheka na maji waliyoyateka katika Tiber, visima na chemchemi, mpaka ulipojengwa mfereji wa kwanza, Aqua Appia, mwaka 312 kabla ya Kristo. Akaongeza kwamba kumbukumbu ya chemchemi zile ilikuwa ikitukuzwa bado katika zama zake, na watu waliamini kuwa zaponya wagonjwa. Miongoni mwa alizozitaja ni ile ya Camenae na ile ya Juturna.

Juturna alikuwa na maji yake katikati ya mji kabisa, kwenye uwanja wa Forum, chini ya kilima cha Palatino. Varro, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 1 kabla ya Kristo, alilieleza jina lake kwa neno la Kilatini lenye maana ya kusaidia, akasema kwamba kwa ajili ya jina hilo wagonjwa wengi walikwenda kutaka maji yake. Wataalamu wa lugha wa siku hizi hawaukubali ufafanuzi huo, lakini waonyesha wagonjwa walitumaini nini. Ilisimuliwa pia kwamba baada ya vita vya ziwa Regillus, mwanzoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo, vijana wawili wageni walionekana wakiwanywesha farasi wao hapo, wakatoa habari ya ushindi, kisha wakatoweka. Watu wakatambua kuwa walikuwa Castor na Pollux. Katika karne ya 4 baada ya Kristo ofisi ya wasimamizi wa maji ya mji ilikuwa papo hapo kando ya dimbwi la Juturna. Makarani wa serikali walikuwa wamehamia kwa mwenyeji wa zamani.

Camenae walikuwa nje ya lango la Capena, katika kichaka chenye chemchemi. Mabikira wa Vesta, waliotunza moto mtakatifu wa dola, walikwenda kuteka maji huko kila siku kwa ajili ya ibada. Ilisemwa kwamba mfalme Numa alikuwa akikutana usiku na Egeria, mmoja wa wenyeji wa maji hayo, akafundishwa sheria za dini. Hapo pana jambo la kufikiriwa: taifa lililosifika kwa sheria lilikiri katika ngano zake kwamba sehemu ya sheria hizo ilitoka chemchemini. Lakini heshima hiyo haikukingwa na upungufu. Mwanzoni mwa karne ya 2 baada ya Kristo mshairi Juvenal, katika shairi lake la tatu la kejeli, alilalamika kwamba kichaka cha Camenae kimekodishwa kwa maskini wenye kulipa, na kwamba marumaru imefunika mahali ambapo nyasi zingalimfaa zaidi mwenye chemchemi. Ni lalamiko la mtu mwenye uchungu na mji wake wote, wala halifai kuchukuliwa kama hati ya mahakama. Lakini laonyesha kwamba watu walijua maana ya kumvunjia mungu wa maji heshima: ni kumpamba kwa mapambo asiyoyataka.

Kalenda ya dini ya Warumi ilikuwa na siku nyingi za maji. Tarehe 13 Oktoba ilikuwa sikukuu ya Fons, mungu wa chemchemi zote. Siku hiyo watu walitupa mashada ya maua katika chemchemi na kuvika visima mataji. Tarehe 17 Agosti ilikuwa ya Portunus, mlinzi wa gati na milango, ambaye hekalu lake lingali limesimama karibu na Tiber, likiwa limesalimika kwa kuwa lilifanywa kanisa katika karne ya 9. Tarehe 27 Agosti ilikuwa ya Volturnus, ambaye wengine wamemdhani kuwa ni mto, na wengine upepo. Mpango ulio wazi zaidi ni ule wa mwezi wa Julai. Tarehe 19 na 21 ilikuwa sikukuu ya vichaka. Tarehe 23 ya Neptunus. Tarehe 25 ya Furrina. Siku zote hizo ni za witiri, kwa sababu Warumi walizikwepa siku za shufwa katika sikukuu zao. Georges Dumézil, mwanachuoni wa Ufaransa wa karne ya 20, alizisoma kama mlolongo mmoja wa wakati wa ukame, jua linapounguza Italia na vijito kukauka: mtu hutafuta kivuli, kisha maji juu ya ardhi, kisha maji yaliyo chini. Fikira yake yakubaliana na desturi moja ya kale, kwamba katika sikukuu ya Neptunus watu walijenga vibanda vya matawi na kukaa ndani kujikinga na jua. Mungu asherehekewaye katika kibanda cha majani, wakati wa kiangazi, hakuwa bado mungu wa bahari.

Furrina ana habari ya huzuni. Alikuwa na kuhani wake, na sikukuu yake, na kichaka chake ng'ambo ya Tiber. Katika kichaka hicho aliuawa Gaius Gracchus mwaka 121 kabla ya Kristo, alipokuwa akiwakimbia adui zake. Lakini Varro asema kwamba katika zama zake ni watu wachache tu waliojua hata jina la Furrina. Kuhani wake alikuwa na cheo, na siku yake ilikuwa imo katika kalenda, bali yeye mwenyewe alikuwa amesahauliwa. Ndivyo inavyokuwa mji ukikua hata wakazi wake wasijue tena maji wanayokunywa yametoka wapi.

Neptunus alikwenda baharini pamoja na majeshi. Mwaka 399 kabla ya Kristo aliandaliwa karamu ya miungu pamoja na Apollo na wengine, kwa desturi iliyotoka Ugiriki, na hapo alikwisha kuwa Poseidon kwa jina la Kirumi. Baada ya mwaka 264, walipopigana na Carthage kwa ajili ya Sisilia, Warumi walilazimika kuwa mabaharia, na miungu wao wakapata kazi mpya. Lucius Cornelius Scipio, aliyeponea chupuchupu katika tufani karibu na Corsica, aliwajengea Tufani wenyewe hekalu mwaka 259. Hata Juturna wa chemchemi alipewa hekalu na Lutatius Catulus, jina la jemadari aliyewashinda watu wa Carthage baharini mwaka 241. Baadaye bahari ikawa jambo la siasa. Sextus Pompeius alijiita mwana wa Neptunus, akavaa joho la rangi ya bahari. Augustus, kabla hajaitwa jina hilo, alikasirika mno merikebu zake zilipozamishwa na dhoruba, akasema kuwa atashinda hata Neptunus asipotaka, na yasemekana aliiondoa sanamu ya mungu huyo katika maandamano ya michezo. Alishinda mwaka 36 kabla ya Kristo. Mungu wa bahari aliweza kuadhibiwa namna hii kwa sababu hakuwa jirani wa mtu. Hakuna Mrumi ambaye angalithubutu kumfanyia Tiber vivyo hivyo.

Tiber aliitwa Baba. Ngano yasema kwamba zamani mto uliitwa Albula, mpaka Tiberinus, mfalme wa Alba, alipozama ndani yake, naye akawa mwenye mto. Daraja la kwanza la Roma, Pons Sublicius, lilikuwa la mbao, na ilikuwa mwiko kutia chuma katika matengenezo yake. Makuhani wakubwa wa dola waliitwa pontifices, na Varro alilifasiri neno hilo kuwa ni wajenga daraja, kwa kuwa wao ndio waliolijenga na kulitengeneza kwa ibada. Kulivusha daraja juu ya mto kulikuwa ni kumkalia mwenyewe mgongoni, ilihitaji idhini. Horatius Cocles alipolitetea daraja hilo peke yake, alimwomba Baba Tiber ampokee yeye na silaha zake, kisha akajitosa. Livius asema aliogelea akafika salama. Polybius, mwandishi wa kale zaidi, asema alikufa majini. Kila mwaka, katikati ya mwezi wa Mei, mabikira wa Vesta walitupa kutoka katika daraja hilo sanamu za watu zilizofumwa kwa manyasi, zipatazo thelathini kasoro au kamili. Waandishi wa Kirumi wenyewe hawakuafikiana juu ya maana yake. Wengine walisema kwamba zamani waliotupwa walikuwa watu. Kama ni kweli au si kweli, ilikuwa ni kitu kinachotolewa na mji kwenda kwa mto, mwaka baada ya mwaka.

Sheria za ujirani huo zaonekana vizuri mashambani. Plinius Mdogo alimwandikia rafiki yake habari za chemchemi ya Clitumnus, katika nchi ya Umbria. Chini ya kilima chenye miti maji yalitoka safi kiasi cha kuweza kuhesabu sarafu zilizotupwa ndani. Hekalu lilikuwa karibu, na ndani yake alisimama Clitumnus amevaa toga yenye pindo la zambarau, kama hakimu wa Kirumi. Kulikuwa na kura za kubashiri, na mahekalu madogo ya miungu wengine, baadhi yao wakiwa na vijichemchemi vyao. Daraja lilikuwa mpaka: juu yake palikuwa patakatifu, na watu waliruhusiwa kupita kwa mashua tu, chini yake waliruhusiwa kuogelea. Ni vigumu kupata mfano ulio bora zaidi. Maji ni yale yale, yapita chini ya daraja moja, lakini upande mmoja ni ya mungu na upande wa pili ni ya watu, na wote wawili wameridhika.

Mwenye kuuvuka mpaka kama huo alitazamiwa kupatwa na jambo. Nero alipoingia kuogelea mwaka 60 katika chanzo cha mfereji wa Marcia, watu walisema ameyanajisi maji matakatifu kwa mwili wake, na alipougua baada ya hapo, waliuona ugonjwa kuwa ni hasira ya miungu. Kwa upande wa pili, mwenye kupokea alilipa. Huko Vicarello, penye maji ya moto karibu na ziwa Bracciano, mafundi waliokuwa wakisafisha chemchemi mwaka 1852 walikuta maelfu ya sarafu: juu zile za makaisari, chini yake za jamhuri, na chini kabisa vipande vya shaba visivyo na chapa, vya zama ambazo Roma haikuwa na fedha bado. Mwaka 2022 wachimbuzi walitangaza kwamba huko San Casciano dei Bagni, katika Toscana, sanamu za shaba zaidi ya ishirini pamoja na maelfu ya sarafu zilipatikana katika tope la dimbwi takatifu, baadhi zikiwa na maandishi ya Kietruski na baadhi ya Kilatini. Watu walibadili lugha, wakabadili na watawala, lakini waliendelea kumlipa mwenye maji yule yule. Si malipo yote yaliyokuwa ya shukrani. Katika chemchemi ya Anna Perenna, iliyogunduliwa Roma mwaka 1999, palikuwa na sarafu na taa, na pia mabamba ya risasi yaliyoandikwa maapizo, na vijisanamu vilivyofungiwa ndani ya vikopo. Mwenyeji wa maji aliweza kuombwa mema na mabaya.

Je, Warumi waliogopa kabisa kuyahamisha maji? La. Walipokuwa wakiuzingira mji wa Veii, karibu na mwaka 398 kabla ya Kristo, ziwa la Alba lilijaa bila mvua. Walituma wajumbe mpaka Delphi kuuliza, na walipopata jibu walitoboa mlima, wakayatoa maji kwa njia ya chini kwa chini yenye urefu wa karibu mita 1,400, nayo ipo hata leo. Kisha mwaka 271 Manius Curius Dentatus alichimba mfereji ulioyatoa maji ya bonde la Reate, akayamwaga kutoka juu ya majabali mpaka katika mto Nar, uingiao Tiber. Watu wa Reate walipata mashamba, na watu wa Interamna, waliokuwa chini, walipata mafuriko. Ugomvi huo haukuisha: mwaka 54 Cicero alikwenda kuwatetea watu wa Reate dhidi ya Interamna mbele ya konsuli na wapatanishi kumi.

Mwaka 15 baada ya Kristo Tiber ilifurika, ikazifunika sehemu za chini za mji, na maji yalipopungua nyumba ziliporomoka na watu wakafa. Asinius Gallus alishauri katika Seneti kwamba vitabu vya Sibylla vifunguliwe ili ijulikane miungu wataka nini. Kaisari Tiberius, ambaye jina lake na jina la mto ni la shina moja, alikataa. Ateius Capito na Lucius Arruntius walipewa kazi ya kutafuta njia ya kuuzuia mto. Wakarudi na shauri la kihandisi: mito na maziwa yanayoiongeza Tiber yageuzwe njia. Clanis upelekwe katika Arnus. Nar ugawanywe kuwa vijito. Ziwa la Reate lizibwe mahali linapotokea.

Miji ilituma wajumbe. Watu wa Florentia walisihi kwamba Clanis usiletwe kwao. Watu wa Interamna walisema kwamba Nar ukitawanywa, mashamba yaliyo na rutuba kuliko mengi ya Italia yatakuwa kinamasi. Watu wa Reate walisema kwamba ziwa likizibwa litawafunika. Wale waliokuwa mahasimu miaka 68 nyuma sasa walisimama upande mmoja. Na juu ya hoja za mashamba wakaweka hoja nyingine, ambayo Tacitus ameihifadhi: kwamba maumbile yameipa mito midomo yake, njia zake, na chanzo na mwisho wake kwa manufaa ya wanadamu; kwamba yafaa kuheshimu dini za watu waliowawekea mito ya nchi zao ibada, vichaka na madhabahu; na kwamba Tiber mwenyewe hatapenda kupita akiwa amenyang'anywa mito jirani zake, na utukufu wake umepungua.

Hoja ya mwisho ndiyo ya ajabu. Haikusemwa kwamba Tiber atakasirika na kuua. Alikuwa amekwisha kuua, na hiyo ndiyo sababu ya shauri zima. Ilisemwa kwamba ana heshima yake, kama mtu mkubwa mwenye wafuasi, na kwamba kumpunguzia wafuasi ni kumdhulumu. Mto uliletwa mbele ya Seneti kama mhusika wa kesi, na miji midogo ikawa wakili wake. Mtu aweza kusema kwamba wajumbe wa Reate waliificha hofu ya mashamba yao nyuma ya madhabahu, hasa kwa kuwa maji waliyoyaita ya asili yalitokea kwa mfereji wa Curius. Neno hilo lina haki yake. Lakini mtu haifichi hofu yake nyuma ya kitu ambacho msikilizaji hakiheshimu. Hoja ilitolewa kwa sababu ilitazamiwa kusikilizwa, katika baraza lile lile ambalo Kaisari alikuwa amelinyima vitabu vya Sibylla.

Seneti ilikubali kauli ya Piso, kwamba pasibadilishwe kitu. Tacitus, kwa ile tabia yake ya kutomwamini mtu, asema kwamba sababu ilikuwa ama maombi ya miji, ama ugumu wa kazi, ama hofu ya dini, hakuchagua mojawapo. Huenda zote tatu zilikuwa kweli, kila mjumbe akiwa na yake.

Mambo mengine aliyaeleza Cassius Dio. Tiberius aliona kwamba chanzo cha mafuriko ni wingi wa maji, akaamuru wajumbe watano wa Seneti wachaguliwe kwa kura wauangalie mto daima, usizidi wakati wa baridi wala usipungue wakati wa kiangazi. Kazi yao moja ilikuwa kuweka mawe ya mpaka ukingoni, kama walivyofanya wakaguzi wa dola tangu mwaka 54 kabla ya Kristo, na Augustus baada yao. Kila jiwe lilitaja waliolisimika, na futi kadha wa kadha kwa mstari ulionyooka mpaka jiwe la pili. Upande wa huku ulikuwa wa watu wenye nyumba na maghala; upande wa kule ulikuwa wa mto.

Shauri la Clanis halikufa. Katika karne ya 18 na ya 19 watawala wa Toscana waligeuza sehemu kubwa ya maji yake yaende Arno, kwa kukausha kinamasi, na hapakuwa na mjumbe aliyeutaja utukufu wa Tiber. Nayo Tiber iliendelea kufurika. Mwishoni mwa Desemba 1870, miezi mitatu tu baada ya Roma kutwaliwa na ufalme wa Italia, iliingia tena mitaani, na serikali mpya ikaamua kujenga kuta ndefu za mawe pande zote mbili. Katika kuchimba misingi ya kuta hizo, mafundi waliyakuta baadhi ya mawe ya mpaka yakiwa yamesimama pale pale yalipowekwa, yamefunikwa na tope la mto.